Watu watano nyumbani wameugua taifodi, bibi hajaugua: je, ndiye anayetuambukiza?

SWALI

Shikamoo daktari. Tunaishi Nkuhungu, Dodoma, tuko wanane: mimi, mume wangu, watoto watatu, mdogo wake mume wangu, dada wa kazi, na mama mkwe wangu ambaye watoto wanamwita bibi. Tangu mwaka jana taifodi haitutoki. Mume wangu aliugua Oktoba, mtoto wa kwanza Februari, shemeji yangu akalazwa mwanzoni mwa Juni, na Julai wakafuatana wadogo wawili. Bibi ndiye anayepika kila siku, tena anakaanga maandazi na kutengeneza juisi ya ubuyu ninayouza dukani. Yeye haumwi, ila anasimulia kwamba alipokuwa msichana huko Shinyanga aliwahi kuugua homa ya tumbo mpaka nywele zikanyonyoka. Siku hizi akila mafuta analalamika maumivu chini ya mbavu za kulia. Kuanzia katikati ya Desemba mpaka Aprili alikuwa Mpwapwa kwenye kilimo.

Jirani alituambia kuna watu wanabeba taifodi bila kuumwa. Tukampeleka bibi maabara ya mtaani, akapimwa Widal, ikasoma 1:160. Sasa shemeji mkubwa ameitisha kikao cha familia, anataka bibi arudishwe Mpwapwa. Bibi amesikia, na tangu hapo chakula hakimpiti. Nimwambie nini mume wangu kabla ya kikao? Je, kweli ni yeye?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa mwaka mzima wa kuuguza.

Nianze na kikao, maana hicho ndicho chenye haraka. Mwombe mume wako asikubali bibi aondolewe. Inawezekana kweli amebeba vimelea vya taifodi. Umenieleza mambo mawili yanayonifanya nitake apimwe vizuri. Lakini hiyo 1:160 haithibitishi chochote, na tarehe ulizoandika wewe mwenyewe hazimwelekei bibi kama familia inavyodhani. Halafu kuna jambo ambalo huenda hamkuliona: wewe na dada wa kazi nanyi hamkuugua, mnashika sufuria zilezile, na hakuna aliyewaitia kikao.

Tuanze na mdudu mwenyewe, kwa sababu bila kumwelewa huwezi kumfuata. Bakteria wa taifodi, Salmonella Typhi, anaishi kwa binadamu tu. Hakai kwa ng'ombe, mbuzi wala kuku. Homa ya brusela unaweza kuipata kwenye maziwa mabichi ya ng'ombe wa Bahi au Kongwa bila mtu yeyote kuhusika, lakini taifodi kila mara imetoka kwenye choo au mkojo wa mtu fulani, ikapita kwenye maji, mikono, nzi au chakula, ikaingia kinywani mwa mwingine. Kwa hiyo nyumba yenu ikiwa imeugua taifodi kweli, mtu yupo. Anaweza kuwa ndani ya ukuta wenu, au mtaa wa tatu, au mahali mume wako anapokula mchana. Kumtafuta ni kazi halali na yenye faida. Ila ina utaratibu wake, na hatua ya kwanza siyo kumtazama mtu.

Hatua ya kwanza ni kuuliza: je, wote watano waliugua taifodi kweli?

Hapa ndipo moyo unaponiuma, kwa sababu nimeona familia nyingi za kanda hii zikigawanyika kwa karatasi ya Widal. Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1896 na Mfaransa Fernand Widal. Hakimtafuti bakteria. Kinatafuta askari ambao mwili uliwahi kuwatengeneza dhidi yake, na askari hao hubaki damuni muda mrefu baada ya vita kwisha. Wanaweza kuwapo kwa sababu ya ugonjwa wa zamani, au wa Salmonella wa aina nyingine, na hata malaria inaweza kukichanganya kipimo. Katika sehemu ambako taifodi imeshazoeleka, mtu mzima mwenye afya anaweza kabisa kusoma 1:160, yaani askari hao bado wanaonekana hata damu ikizimuliwa mara 160. Bibi aliyeugua Shinyanga akiwa msichana, akaishi miaka yote hii akinywa maji ya visima na malambo, ningeshangaa kama asingekuwa na hao askari. Kipimo hicho hakiwezi kumtenganisha mtu aliyepona kabisa na mtu ambaye bado amebeba vimelea. Kikitumika kumtafuta mbebaji, kimetumika kwa kazi isiyo yake.

Kwa hiyo rudi kwenye makaratasi ya hospitali. Tafuta nani kati ya watano alitolewa damu ikaenda kuoteshwa, siyo Widal. Nadhani utampata mmoja tu, yule shemeji aliyelazwa, maana wodini ndiko kipimo hicho hufanyika mara nyingi. Damu inawekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, wanasubiri siku kadhaa, kinachoota kinatambuliwa na kujaribiwa dawa. Nacho hukosa, kinawakamata takriban nusu au zaidi kidogo ya wagonjwa wa kweli, hasa kama mgonjwa ameshameza dawa. Lakini kikisema ipo, ipo. Wengine wanne wanaweza kuwa walikuwa na taifodi, malaria, brusela, homa ya njia ya mkojo au kitu kingine. Usiwafute kwenye orodha. Waandikie tu alama ya kuuliza pembeni, na alama hiyo muilete kwenye kikao.

Sasa chukua karatasi kubwa, chora kalenda ya kuanzia Septemba mwaka jana. Hii ndiyo kazi yenyewe ya upelelezi, na haihitaji maabara.

Kutoka siku vimelea vinapoingia kinywani mpaka homa kuanza, kwa kawaida hupita wiki moja hadi tatu, mara chache mwezi au zaidi. Basi kila mgonjwa mrudishie wiki tatu nyuma, uandike: alikula wapi, alikunywa maji ya nani, nani alipika, nani alikuwa mgeni, nani alisafiri. Yule mtu au maji yanayojirudia nyuma ya kila mgonjwa ndiyo yanastahili kupimwa kwanza.

Njia hii imefanya kazi kwa zaidi ya miaka 100. Kiangazi cha mwaka 1906, katika nyumba moja ya kupanga huko Oyster Bay, Marekani, watu 6 kati ya 11 waliugua taifodi. Wakakagua maji, maziwa, choo, hawakuona kitu. Ndipo akaitwa mhandisi wa usafi, George Soper. Yeye aliuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa: nani aliingia nyumba hii kabla ya homa, na sasa hayupo? Jibu likawa mpishi, aliyeajiriwa mwanzoni mwa Agosti, wiki tatu hivi kabla ya mgonjwa wa kwanza, kisha akaondoka. Soper akafuatilia nyumba 8 alizowahi kupikia, akakuta taifodi ilipita kwenye 7. Mpishi huyo ni Mary Mallon, mwanamke wa Ireland mwenye afya na nguvu, ambaye maishani mwake hakukumbuka kuugua ugonjwa huo. Na chakula kilichoshukiwa hakikuwa nyama wala supu. Kilikuwa aiskrimu yenye vipande vya matunda mabichi, kitu kilichopita mikononi mwake bila kupita motoni. Shika hilo la moto, nitalirudia.

Tuweke sasa kalenda yenu juu ya meza. Bibi aliondoka katikati ya Desemba. Mtoto wa kwanza aliugua Februari, yaani wiki sita au zaidi baada ya mikono ya bibi kutoka kwenye sufuria zenu. Kama ile ya Februari ilikuwa taifodi, ni vigumu sana kusema bibi ndiye aliyempa. Isipokuwa kitu kimoja, nawe ndiye wa kukijibu: je, mtoto alikwenda Mpwapwa likizo ya Krismasi, akala kwa bibi mpaka shule zilipofunguliwa Januari? Kama alikwenda, hesabu inabadilika. Kama hakwenda, mwambie shemeji mkubwa aieleze Februari.

Njoo Julai. Watoto wawili wanaugua wiki chache baada ya baba yao mdogo kutoka hospitalini. Watu wengi hawajui kwamba mgonjwa wa taifodi homa ikishaisha bado hajawa safi. Takriban mmoja kati ya 10 wasiotibiwa huendelea kutoa vimelea chooni hadi miezi mitatu. Dawa nzuri hupunguza idadi hiyo lakini haiifuti. Anaporudi nyumbani amedhoofika, anatumia choo kilekile, anawamenyea watoto machungwa, analala nao chumba kimoja. Mimi nikitazama karatasi yenu, mtu wa kwanza ninayemwona nyuma ya Julai ni shemeji mdogo, siyo bibi. Naye hana kosa lolote, aliambukizwa kama wengine. Nyuma yake yeye mwenyewe sijui, kwa kuwa hukuandika anafanya kazi gani na anakula wapi. Kama ni bodaboda anayekula kijiweni, mduara umeshatoka nje ya nyumba.

Kisha maji. Msimtafute mtu kabla hamjayafungua maji, kwa sababu mbebaji mmoja aliye mbali anaweza kuifikia nyumba yenu kwa bomba au kwa dumu. Mwaka 1937 mji wa Croydon, Uingereza, ulipata wagonjwa 341 wa taifodi, na 43 wakafa. Mafundi walikuwa wanatengeneza kisima cha mji, mmoja wao amebeba vimelea bila kujua, na wakati huohuo dawa ya klorini haikuwa inawekwa kwenye maji hayo. Wale wagonjwa hawakuwahi kumwona wala kula mkono wake.

Maji ya bomba ya Dodoma kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Kwa hiyo ninachouliza ni safari ya maji hayo mpaka kikombe cha mtoto. Mji umejaa watu haraka tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016. Kila nyumba imejizoesha kuhifadhi maji ya mgao na kununua pale yanapokatika. Simtanki lenu lilioshwa lini? Mfuniko wake unafunga? Siku za mgao mnanunua madumu kwa nani, naye anachota wapi? Kuna kisima kifupi jirani na vyoo vya shimo? Maji ya juisi ya ubuyu yanachemshwa, au yanachotwa tu? Nyumba za jirani wanaotumia muuza maji huyohuyo nao wameugua? Haya yaandike kwenye kalenda ileile. Kama nyumba tatu zinazonunua maji ya mkokoteni mmoja zimeugua Juni na Julai, bibi ametoka kwenye hadithi, na bwana afya wa kata anapaswa kujua siku hiyohiyo.

Nimesema kuna mambo mawili yanayonifanya nitake bibi apimwe. Ni ile homa ya ujanani iliyonyonyoa nywele, na maumivu chini ya mbavu za kulia akila mafuta. Taifodi kali iliyochelewa kutibiwa huweza kweli kuacha nywele zikipukutika, na mahali hapo pa maumivu ndipo ulipo mfuko wa nyongo.

Mbebaji wa kudumu ni mtu anayetoa vimelea kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuambukizwa, akiwa mzima. Katika watu 100 walioambukizwa taifodi, kama mmoja hadi wanne huwa hivyo, na wengine hawakuwahi hata kujua kama waliugua. Bakteria hujificha kwenye mfuko wa nyongo. Ukiwa na vijiwe ndani, hujibandika juu ya vijiwe hivyo wakajijengea utando kama ule ute unaoota ndani ya ndoo isiyosuguliwa. Dawa haipenyi vizuri, na askari wa mwili hawafiki. Kutoka hapo huteremka na nyongo mpaka utumbo, leo wengi, kesho wachache, wiki ijayo hakuna. Vijiwe hivyo huwapata zaidi wanawake na watu wa umri mkubwa, na ndiyo sababu wabebaji wengi wanaopatikana ni akina mama na bibi. Halafu, katika desturi zetu, hao ndio wanaopika. Hawakuchagua lolote katika hayo.

Shinyanga inaniongezea jambo la tatu, dogo lakini la kweli. Mtu aliyekulia kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga ya huko anaweza kuwa na kichocho cha mkojo cha siku nyingi. Kibofu kilichoharibiwa na kichocho huweza kuwahifadhi bakteria wa taifodi, wakatoka na mkojo badala ya choo. Kwa hiyo mkojo wake nao upimwe.

Sasa apimweje? Mbebaji hutafutwa kwa kuotesha choo. Siyo Widal, na siyo kile kipimo cha choo cha darubini. Hili nalisisitiza kwa sababu wauza chakula wengi wana kadi ya afya mfukoni na wanaamini imeshawasafisha na taifodi. Darubini inaonyesha mayai ya minyoo na ameba. Bakteria wa taifodi chini ya darubini anafanana na jamaa zake wengi wasio na madhara wanaokaa tumboni mwa kila mmoja wetu. Hakuna jicho linaloweza kumtambua kwa umbo. Lazima aoteshwe. Uliza hospitali kubwa yenye maabara ya bakteria, na Dodoma kwa bahati nzuri zipo.

Na sampuli moja haitoshi. Mary Mallon alipowekwa kizuizini kwenye kisiwa kimoja cha New York alichukuliwa sampuli 163 za choo. 120 zilionyesha vimelea, 43 hazikuonyesha. Yeye mwenyewe alipeleka nyingine kwenye maabara binafsi, zote zikarudi safi, akaamini mpaka kufa kwamba anaonewa. Maabara zote mbili zinaweza kuwa zilisema ukweli wa siku ile. Kwa hiyo ziwe sampuli tatu, za siku tofauti. Zichukuliwe kwenye kopo safi lisilo na sabuni wala dawa, zifike maabara ndani ya saa chache, asubuhi kabla jua la Dodoma halijapanda. Kama kuna umbali, waombe kijiti cha kusafirishia chenye dawa ya kuhifadhi vimelea.

Kitu kinachoharibu majibu kuliko vyote ni vidonge. Baada ya ile Widal, nina hakika kuna mtu alimnunulia bibi siprofloksasini duka la dawa. Kama bado anameza, sampuli itarudi safi na mtadanganyika. Zipite angalau siku mbili bila dawa ya bakteria. Mimi hupenda wiki mbili, kama hakuna homa. Wakati huohuo apigwe ultrasaundi ya tumbo waangalie vijiwe. Hiyo anaihitaji kwa ajili ya maumivu yake, hata kama taifodi isingekuwapo.

Msimpeleke peke yake. Nendeni wote mnaogusa chakula: wewe, dada wa kazi, shemeji mdogo, bibi. Kitabibu ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu mpaka sasa hakuna kati yenu aliyetolewa hatiani wala kutiwa hatiani na kipimo cha kweli. Tena kwa bibi inaleta tofauti kubwa kukaa kwenye benchi la maabara na mkwewe pembeni, kila mmoja ameshika kopo lake.

Tuseme bibi ameonekana anacho. Hapo watu hudhani dunia imekwisha, kumbe ni ugonjwa wenye tiba. Daktari atachagua dawa kutokana na majibu ya usugu, yanayoonyesha ni dawa zipi zinawaua bakteria wake mwenyewe na zipi haziwaui, na tiba ya mbebaji ni ndefu, kiasi cha wiki nne, siyo zile siku saba za dukani. Msijaribu kuifanya wenyewe. Taifodi sugu imeshaenea Afrika Mashariki, na dozi ya nusunusu ndiyo inayoilea. Akikutwa na kichocho, kitibiwe nacho. Akiwa na vijiwe, dawa peke yake mara nyingi hushindwa, na daktari wa upasuaji anaweza kushauri mfuko wa nyongo utolewe. Upasuaji huo hupimwa kwa umri na nguvu zake, na kama vijiwe vinamsumbua, ungeshauriwa hata hivyo. Baada ya tiba huoteshwa tena. Sampuli tatu mfululizo zikiwa safi ndipo anahesabiwa amepona. Ikibaki moja yenye vimelea, wanarudia kila mwezi.

Katika muda wote huo anaweza kulala na wajukuu, kuwabeba, kuwasuka, kuwasimulia, kula nao meza moja. Taifodi haipiti kwa pumzi wala kwa kukumbatiana. Inapita kutoka chooni kwenda kinywani. Kitu pekee anachopumzishwa ni kushika chakula cha wengine, hasa kile ambacho hakitapita motoni.

Na hapo kuna fedha, jambo ambalo familia huliona dogo. Mary Mallon aliachiwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika. Akapewa kufua nguo, kazi yenye ujira mdogo kuliko upishi, hakuna aliyemsaidia kupata nyingine nzuri. Mwaka 1915 akapatikana anapika kwa jina jingine katika hospitali ya wazazi New York. Watu 25 waliugua, wawili wakafa. Akarudishwa kisiwani akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1938. Ukijumlisha vipindi vyote viwili ni miaka 26 hivi ya kutengwa. Uingereza nako walikuwapo wanawake wabebaji waliofungiwa kwa miaka mingi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Long Grove, kosa lao hilo tu. Ninayakumbuka haya kila familia inaponiambia "tumrudishe kijijini." Mpwapwa kuna watu wanaokula. Bibi akirudi huko na vimelea, bila tiba, atapikia wajukuu wengine kwenye maji machache zaidi, mbali zaidi na maabara. Ni afadhali abaki hapa, mbadilishane kazi: wewe au dada mkaange maandazi, yeye akae dukani apokee fedha, fungu lake libaki lilelile.

Watu huniuliza pia kama serikali haiwezi kuwatafuta wabebaji mji mzima. Kuna njia. Mwaka 1948, huko Uingereza, mtaalamu Brendan Moore alieleza jinsi alivyoning'iniza vitambaa vya pamba kwenye mifereji ya majitaka kwa siku chache, kisha akaviotesha. Mfereji ukionyesha vimelea, anapanda juu mpaka njia panda, anaweka viwili, anafuata ule wenye vimelea, hivyo hivyo mpaka mlango wa nyumba. Inapendeza sana, ila inadai mji wenye mabomba ya majitaka. Mitaa yetu ya vyoo vya shimo tunategemea kalenda na miguu ya bwana afya.

Wakati mnasubiri majibu, juisi ya ubuyu isimamishwe kuanzia leo, au maji yake yachemshwe na atengeneze mtu ambaye ameshaonekana hana vimelea. Maandazi yakitoka kwenye mafuta yanayochemka siyo tatizo. Tatizo ni mikono inayoyapanga baadaye, basi tumieni koleo. Kachumbari, matunda ya kumenya na maziwa mgando vipite kwa mkono ulionawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama choo chenu hakina bomba, funga kibuyu chirizi pale mlangoni, kamba na dumu la lita tano vinatosha, sabuni itundikwe hapohapo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, wote, mpaka wageni. Muulize daktari pia habari za chanjo mpya ya taifodi, ile ya sindano moja ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza kuipendekeza mwaka 2018, inayoweza kutolewa hata kwa mtoto wa miezi sita. Haimsafishi aliyebeba, bali inawakinga wanaomzunguka.

Na mtu yeyote nyumbani akipata homa tena, aende akatolewe damu ya kuoteshwa kabla ya kumeza kidonge chochote cha bakteria, apimwe na malaria. Mgonjwa mwenye homa ya wiki mbili au tatu anayepatwa ghafla na maumivu makali ya tumbo, tumbo likakakamaa, akimbizwe hospitali usiku huohuo. Utumbo unaweza kuwa umetoboka.

Uliniuliza umwambie nini mume wako. Mpe kalenda, umwonyeshe Februari na Julai, aisome kikaoni yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mama yake na neno litapokelewa vizuri likitoka kwake. Kwa bibi nenda wewe, kabla ya kikao, ukae naye chini jikoni. Mwambie: "Mama, hiki kipimo tulichokupima hakikuwa chenyewe, tunaomba utusamehe. Tunakwenda kupima wote wanaopika, na lile tumbo lako nalo liangaliwe, lisiendelee kukuuma." Na umuulize zile nywele zilirudi baada ya muda gani, alitibiwa wapi, na nani mwingine nyumbani kwao aliugua mwaka ule. Ukayaandike majibu yake juu kabisa ya karatasi, uende nayo kwa daktari siku ya sampuli ya kwanza.